Satelite inaliona shamba lako, haijui jina lako



Juma hili tunazungumza juu ya kitu kinachopita juu ya vichwa vyetu bila sisi kukiona. Wakati wewe umeinama kupanda mihogo, kuna chombo angani, zaidi ya kilomita 700 kutoka chini, kinapita na kupiga picha. Chombo hicho kinaitwa satelite. Picha yake haionyeshi uso wako wala kitambaa ulichofunga kichwani. Inaonyesha majani, udongo, maji, na mahali ambapo mwaka jana palikuwa na miti na mwaka huu hapana. Baadaye mtu aliyeketi Kinshasa, Brussels au Washington anaifungua kwenye kompyuta na kuchora ramani: hapa msitu, hapa shamba, hapa msitu umekatwa.

Ramani za namna hiyo zinatumiwa siku hizi kuamua mambo makubwa: pori gani lilindwe, mradi uende kijiji gani, nani aambiwe kwamba anaharibu msitu. Ndiyo maana mama wa Yangambi anapaswa kujua picha hizo zinaona nini, na zaidi ya hapo, hazioni nini.

NDEGE ZA MWAKA 1958

Sisi wa Yangambi hatukuanza jana kupigwa picha kutoka juu. Kituo cha utafiti wa kilimo, kilichoitwa INEAC wakati wa Wabelgiji na leo kinaitwa INERA, kilianzishwa mwaka 1933. Wakubwa wetu wengi walifanya kazi humo, kwenye michikichi, kahawa na vitalu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kituo hicho walichora ramani za udongo na mimea ya eneo letu. Ndege zilipiga picha kutoka juu, na watu waliingia porini kwa miguu, wakachimba mashimo, wakatazama udongo na kuandika majina ya miti.

Picha za ndege za mwaka 1958 zilikaa Ubelgiji miaka mingi. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Koen Hufkens lilitangaza kazi iliyofanywa kwa picha hizo. Waliziunganisha moja na nyingine, kama mama anayeshona vipande vya kitambaa, mpaka wakapata picha moja kubwa ya Yangambi na pembeni zake, hekta 93,431. Halafu wakailinganisha na picha za satelite za siku hizi.

Waliona nini? Mwaka 1958 palikuwa na maeneo makubwa yaliyokatwa kwa mpango, yenye mipaka iliyonyooka kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Hayo ni mashamba ya wakati ule wa kikoloni. Leo picha ni nyingine. Kuna vipande vidogo vidogo vya mashamba ya familia, vimetawanyika kando ya barabara na vijiji. Na sehemu nyingi za yale mashamba makubwa ya zamani zimerudi kuwa msitu. Tushike neno hilo, tutalirudia mbele.

JICHO LILILOUNDWA NA MAMA

Satelite ya kwanza iliyotengenezwa ili kutazama ardhi yetu hii inaitwa Landsat 1. Ilirushwa kutoka Marekani tarehe 23 Julai 1972. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vya kupiga picha. Kile kilichotegemewa zaidi kilikuwa aina ya kamera ya televisheni. Cha pili kilikuwa kitu kipya ambacho wengi hawakukiamini. Kilitumia kioo kilichotikisika huku na huku, kikifagia ardhi mstari kwa mstari na kupima mwanga wa rangi nne, mbili kati yake zikiwa zile ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona.

Aliyebuni kifaa hicho cha pili alikuwa mwanamke, Virginia Norwood, mtaalamu wa fizikia na mama wa watoto. Kabla ya kukirusha, kifaa cha majaribio kilipakiwa kwenye gari na kupelekwa kutazama mlima mkubwa wa mwamba huko Yosemite, Marekani, na picha ikatoka vizuri. Satelite iliporuka, kamera iliyotegemewa iliharibika mapema. Kile kifaa cha mama Norwood kikaendelea kufanya kazi, na satelite zilizofuata zikaundwa kwa njia hiyo. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 96. Wabinti wetu wanaoambiwa kwamba hesabu ni kazi ya wavulana, muwasomee kipande hiki kwa sauti.

NAMNA PICHA INAVYOSOMA MAJANI

Mama anayeuza sombe sokoni hahitaji kuambiwa kama sombe ya mwenzake imechumwa asubuhi au jana. Anatazama rangi na jinsi majani yanavyosimama, amekwisha kujua. Satelite inafanya kazi iliyo karibu na hiyo, ila inatumia mwanga.

Jua linamulika kila kitu, na kila kitu kinarudisha sehemu ya mwanga huo kwa namna yake. Jani bichi linameza sana mwanga mwekundu ili litengeneze chakula chake. Lakini kuna mwanga mwingine ambao sisi hatuuoni, ulio baada ya mwekundu, na huo jani zima linaurudisha kwa wingi sana. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Maji ya mto yanameza karibu mwanga wote, ndiyo maana mto unaonekana mweusi katika picha nyingi. Basi ukilinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana, unaweza kusema: hapa kuna majani mengi yenye nguvu, hapa majani machache, hapa udongo umebaki wazi.

Kwa kurudia picha mwaka baada ya mwaka, wataalamu wanatofautisha hata aina za pori. Msitu wa limbali, ambamo mti mmoja umetawala na chini yake ni giza, haufanani na msitu wa miti mchanganyiko ambao vilele vyake vinapanda na kushuka. Na shamba lililoachwa lipumzike, likajaa kombokombo za umri mmoja na kimo kimoja, linaonekana laini kama mkeka. Kikundi cha OSFAC kilichoko Kinshasa, kinachofuatilia misitu ya Afrika ya Kati kwa satelite, kilishirikiana na vyuo vya Marekani kutengeneza ramani za nchi yetu nzima za miaka 2000, 2005 na 2010. Ramani hizo zinatenganisha msitu wa asili na msitu uliozaliwa tena.

Lakini kuna shida mbili ambazo sisi tunaoishi hapa tunaweza kuzikisia wenyewe.

Ya kwanza ni mawingu. Landsat moja inarudi mahali pale pale baada ya siku 16. Ikifika siku ya mvua, inapiga picha ya mawingu na kuondoka. Na Yangambi mvua si haba. Kwa hiyo wataalamu wanakusanya picha za siku nyingi na kuchagua vipande vilivyo safi. Kuna pia satelite za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ambazo haziongoji mwanga wa jua. Hizo zinatuma wimbi lao wenyewe, wimbi la redio lisiloonekana, na kungoja lirudi. Ni kama mtu apige lokole usiku kisha asikilize mwangwi unavyorudi kutoka ng'ambo ya mto. Wimbi hilo linapita kwenye mawingu, linagonga miti, na linarudi na habari.

Ya pili ni ukubwa wa kipande. Picha ya Landsat imejengwa na vipande vya mraba, kila kimoja mita 30 kwa mita 30. Kila kipande kina rangi moja tu. Shamba la nusu hekta ni vipande vitano au sita hivi. Sentinel-2, iliyoanza kuruka mwaka 2015, ina vipande vya mita 10, kwa hiyo shamba lile lile linakuwa vipande 50. Hiyo ni afadhali. Lakini bustani yako ya mchicha nyuma ya jiko, miti yako mitatu ya safu, na michikichi miwili ya marehemu bibi vinameng'enyuka ndani ya rangi ya jirani.

NA MAWE, JE?

Watu wengi wanauliza: kama satelite inaona majani, je, inaona pia mawe, dhahabu na almasi chini ya ardhi? Hapa tuwe waangalifu, maana kuna watu wanaokula fedha za wenzao kwa neno hili.

Mahali pakavu, kama jangwani, mwamba uko uchi. Mwamba wenye chuma, wenye udongo wa mfinyanzi na wenye chokaa, kila mmoja unarudisha mwanga kwa namna yake. Hapo satelite inaweza kweli kuchora ramani ya mawe, na tangu mwaka 1999 kuna kifaa kiitwacho ASTER kinachotumiwa sana kwa kazi hiyo. Lakini Yangambi mwamba haujavuliwa nguo. Juu kuna msitu, na chini ya msitu kuna udongo mwekundu na wa njano wenye kina kirefu, uliochakaa kwa mvua ya miaka mingi isiyohesabika. Picha ya mwanga inaishia kwenye majani ya juu. Haipenyi hata kufikia mizizi.

Mahali penye mimea, mara nyingi mwamba unajulikana kwa majani yanayoota juu yake. Mfano mkubwa uko hapa hapa nchini, Katanga. Katikati ya msitu wa miombo kuna vilima visivyo na miti, vina nyasi na maua madogo tu. Sababu yake ni shaba. Shaba ikizidi katika udongo inakuwa sumu kwa miti, na kunabaki mimea michache iliyozoea, kama ule mdogo ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Wenyeji walijua vilima hivyo na walichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Wanajiolojia walikuja kujifunza baadaye kufuata mimea ileile. Satelite inapopita juu ya Katanga haioni shaba. Inaona pengo katika miti, na mtu mwenye ujuzi anauliza kwa nini pengo hilo lipo.

Mfano mwingine ni Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na moto ukashuka mpaka pembeni mwa mji. Mwamba mpya, mweusi, usio na jani hata moja, ulionekana wazi kutoka angani, na satelite zilitumiwa kuchora mahali ulipopita. Lakini mwamba huo nao hautakaa wazi siku zote. Kuvu na nyasi zitaanza, miti itafuata, na picha itaona majani tena.

Mama zetu walitufundisha jambo hilo bila satelite. Anayetafuta mahali pa kufungua shamba hatazami udongo peke yake, anatazama kinachoota juu yake. Penye nyasi kali zinazokata vidole anasema udongo umechoka. Penye miti fulani mikubwa anasema mihogo itakubali. Hiyo ndiyo kazi ileile, kusoma ardhi kwa majani yake.

Basi mtu akija kijijini na karatasi yenye rangi nyingi, akasema "satelite imeonyesha dhahabu chini ya shamba lenu, changeni fedha ya kuanza kazi", mumwulize: picha hiyo imepita vipi kwenye majani? Dhahabu hujulikana kwa kuchimba, kuosha mchanga na kupima katika maabara. Picha ya rangi peke yake haitoshi kumtoa mtu fedha ya likelemba.

NANI ANAKATA MSITU?

Sasa turudi kwenye jambo linalotugusa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walitangaza hesabu iliyotoka katika picha za Landsat za miaka 2000 hadi 2014. Walisema kwamba karibu asilimia 84 ya eneo la msitu lililoguswa katika Bonde la Congo liliguswa na mashamba madogo yanayofunguliwa kwa mkono, bila mashine.

Nani anafungua mashamba hayo? Wababa wanaangusha miti mikubwa. Halafu nani anapanda, anapalilia, anavuna na kubeba kikapu mgongoni? Ni sisi. Hesabu hiyo inazungumza juu ya kikapu chako, mama. Ni juu ya mihogo ya sombe, ndizi za lituma, mpunga na mahindi.

Hatutasema hesabu hiyo ni uongo, maana si uongo. Lakini asilimia 84 ni neno moja katika mazungumzo marefu, na tuna haki ya kusema neno la pili. Shamba letu haliishi mahali pamoja. Linafunguliwa, linalimwa mwaka mmoja au miwili au mitatu, kisha linaachwa lipumzike na pori linarudi. Picha ya siku moja inaona jeraha. Picha za miaka mingi zinaonyesha kama jeraha linapona.

Ndiyo maana zile picha za ndege za mwaka 1958 zina thamani kwetu. Watafiti walipima kaboni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo mti unaishika na kuigeuza kuwa ubao. Waliona kwamba ukataji wa zamani ulipoteza kiasi cha tani milioni 2.4 za kaboni katika eneo lile. Na pale msitu uliporudi, kaboni iliyorudi ni kati ya tani milioni 0.8 na milioni 1.6. Kwa maneno mengine, kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya kilichopotea kimerudi. Hakuna aliyeupanda upya msitu huo wote mti kwa mti. Sehemu kubwa ulirudi wenyewe, kwa sababu ardhi ilipewa muda.

Neno "muda" ndilo lenye uzito. Ardhi ikipewa miaka mingi, kombokombo zinakuja, zinazeeka, na miti mingine inakua chini yake. Ikipewa miaka michache tu, kwa sababu watu wameongezeka na mashamba yamekaribiana, au kwa sababu kila mti unaochipuka unageuzwa makala ya kupelekwa Kisangani, jeraha halifungi. Satelite inaona hilo pia. Tukitaka kujitetea mbele ya ramani, tuseme ukweli wote: mashamba yetu si yale mashamba ya mstari wa rula, lakini nasi tukifupisha mapumziko ya ardhi, picha itatushitaki na itakuwa na haki.

JUU BILA CHINI HAKUTOSHI

Wataalamu wenyewe wanajua kwamba picha ya juu inahitaji mguu wa chini. Yangambi ni shahidi. Kwa muda mrefu watu walikisia kaboni ya msitu wetu kwa kupima unene wa miti na kutumia kanuni za mahali pengine kujua urefu wake. Mtafiti Elizabeth Kearsley na wenzake walikuja kupima miti ya hapa moja moja, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba miti yetu ni mifupi kuliko kanuni zile zilivyodhani. Msitu mkomavu wa Yangambi ulikuwa na wastani wa tani 162 za kaboni kwa hekta katika miti iliyo juu ya ardhi, pungufu ya makisio ya kwanza. Makosa hayo yalisahihishwa na watu wenye matope miguuni.

Vilevile, nyumba ya mimea iliyokaushwa ya INERA inatunza takriban vipande 150,000, kila kimoja kilichumwa na mkono wa mtu na kuandikwa jina. Na ule mnara wa mita 55 ulio katika hifadhi yetu, ulioanza kazi mwaka 2020, unapima jinsi msitu unavyopumua: hewa gani unavuta na gani unatoa. Vyote hivyo vipo kwa sababu satelite peke yake haijui inachokitazama mpaka mtu wa chini aiambie.

Na kuna mambo ambayo hata mtafiti wa chini hayajui asipoambiwa na mama. Mahali gani mangungu ya kufungia chakula ni mapana na hayapasuki. Mti gani unaleta mbinzo, na mwezi gani. Fumbwa imebaki upande gani. Chemchemi ipi haikauki wakati wa jua. Makaburi ya wazee yako chini ya miti ipi. Na lile pori laini la kombokombo, lile linaloonekana kama halina mtu, ni shamba la nani linalopumzika, na ni nani atarudi kulilima.

Picha inaona majani na haioni mwenyewe. Kwa hiyo ramani inayotengenezwa kwa picha tu inaweza kuandika "msitu" juu ya shamba lako linalopumzika, na kesho mtu akaliona kama mahali pasipo na mwenyewe.

RAMANI YA MSITU WA JAMII

Jambo hili si la kufikirika. Amri ya serikali namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake wa desturi uwe msitu wa jamii, mpaka hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Agizo la waziri namba 025 la tarehe 9 Februari 2016 linaeleza jinsi ya kuusimamia. Jimbo letu la Tshopo lina jamii zilizofuata njia hiyo. Sisi tunaopakana na hifadhi, iliyotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1976, tunajua vizuri kwamba mpaka ukichorwa ni mgumu kuufuta.

Ombi la msitu wa jamii linahitaji ramani. Ramani hiyo inaanza na picha ya satelite, kisha watu wanatembea mpaka na kifaa cha GPS, wanakubaliana na majirani, na kuandika matumizi ya kila sehemu. Hapo ndipo mama anapotea au anaonekana. Mkutano ukifanywa asubuhi, wakati wamama wako shamba, ramani itatoka na njia za wawindaji na mipaka ya koo. Chemchemi, mangungu na mashamba yanayopumzika yatakosekana. Hakuna aliyekusudia kutudhulumu, ila aliyekuwepo ndiye aliyesema.

WAKIJA NA RAMANI KIJIJINI

Haya ndiyo tunayopendekeza kwa kila kikundi chetu.

Kwanza, tuombe mkutano ufanyike saa ambayo wamama wamerudi, au siku ya mapumziko. Tumwombe kapita au chefu mapema, kwa heshima, na tuende wengi.

Pili, tuulize picha ni ya mwaka gani na mwezi gani. Picha ya miaka minne iliyopita haijui shamba ulilofungua juzi, wala lile uliloacha lipumzike.

Tatu, tuulize kila rangi ina maana gani. Mahali palipoandikwa "msitu" na sisi tunajua ni shamba linalopumzika, tuseme, na tuombe liandikwe hivyo pamoja na jina la familia.

Nne, katika kundi linalotembea mpaka, wawepo wamama wasiopungua wawili, mmoja mkubwa anayejua historia na mmoja kijana anayeweza kusoma kifaa. Wajane wasisahaulike, maana shamba la mjane ndilo la kwanza kumezwa.

Tano, nakala ya ramani ibaki kijijini, mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Ramani inayoondoka na gari na kutorudi haijatusaidia.

Sita, si kila kitu lazima kiandikwe. Mahali patakatifu pa wazee, au mahali penye mti wa thamani ambao wezi wanautafuta, tunaweza kukubaliana pabaki bila alama. Kuficha nako ni ujuzi.

KAZI YA JUMA HILI

Jioni moja juma hili, kabla ya kupakua chakula, waiteni watoto uani. Chukueni kijiti, mchore chini njia ya kwenda shamba: nyumba, barabara, kijito, shamba la mwaka huu, la mwaka jana, na lile mlilolima mtoto wa kwanza alipokuwa mgongoni. Muwaulize wazee yale yaliyokuwepo kabla. Mtashangaa ni mambo mangapi bibi anayajua ambayo hayako katika picha yoyote.

Mwenye daftari aihamishe ramani hiyo kwenye karatasi na kuileta katika mkutano wetu ujao. Tutaziweka pamoja mezani na kuona zinavyokutana. Siku wageni watakapofika na picha zao za angani, tutawakaribisha, tutawapa viti, na nasi tutatandika za kwetu kando ya zile.